Uzi: Filamu peke yake haikufundishi Kiingereza, yanayofundisha ni mazungumzo baada ya filamu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mara humu jukwaani mtu akiuliza afanye nini ili ajue kuongea Kiingereza, jibu la kwanza huwa "angalia muvi". Jibu hilo lina ukweli nusu. Naomba niandike kwa kirefu kuhusu ile nusu nyingine, kwa sababu mimi nilijifunza kwa kumuumiza mtu asiye na kosa.

Nilikuwa mhudumu wa chakula kwenye kambi moja ya watalii huko kaskazini. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, nikakiongezea filamu. Usiku baada ya kazi tulikuwa tunaangalia kwenye laptop ya mwenzangu, sabtaito za Kiingereza zikipita chini, na mimi nina daftari langu. Nikikutana na msemo mpya nauandika kushoto, kulia naandika maana. Ukurasa mmoja uliandikwa "kick the bucket", na mbele yake neno moja: kufa.

Kulikuwa na mgeni wa makamo niliyemhudumia siku tatu. Siku ya nne akapigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Jioni nikamfuata mezani, kwa nia njema kabisa, nikamwambia, "I'm very sorry, sir. I heard your father kicked the bucket." Aliweka uma chini. Hakunifokea. Alinitazama, akasema asante, akainuka kwenda hemani kwake na supu yake ikabaki inatoa moshi.

Mzee wetu wa mapokezi alisikia. Akaniita nyuma ya jiko, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukienda msibani kwenu utamshika mfiwa mkono umwambie 'pole, nasikia mzee kakata kamba'?"

Nikaishiwa nguvu. Maana ya msemo ule nilikuwa naijua sawasawa. Nisichokijua ni hadhi yake: unakaa na nani, unasemwa wapi, unachekesha au unaumiza. Mzee akanieleza kwamba kwa heshima wao husema "pass away", kama sisi tunavyosema kufariki au kuaga dunia, na mfiwa unamwambia "I'm sorry for your loss", kisha unanyamaza. Asubuhi yake nilimwomba yule mgeni radhi. Alinipokea vizuri.

Neno nililipata kwenye filamu, lakini nilikuja kulielewa kwenye dakika tano za kuzungumza na yule mzee nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo sijifunzi msemo wowote peke yangu.

Sasa niko Dar. Jumamosi jioni tunakutana watu watano: fundi wa friji, muuguzi, vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, na mimi. Tunaangalia filamu moja kwa wiki mbili au tatu, kipande kwa kipande, na muda mrefu zaidi tunautumia kuizungumza kwa Kiingereza. Nitaeleza tunavyofanya.

fundi_redio

Mkuu endelea, nimekaa hapa na kahawa. Hilo la msibani limenigusa, maana na mimi nilikuwa naliandika hivyohivyo.

Mleta uzi

Naendelea.

Tulianza na neno moja. Kijana mmoja wa kundi alikuwa analikuta kila siku mitandaoni: "gaslighting". Kila mtu alikuwa na maana yake. Mmoja alisema ni kudanganya, mwingine alisema ni kugombeza. Kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka 2022, kwa hiyo si neno la pembeni. Nikapendekeza tuache kubishana, twende lilikotoka, kwenye filamu yenyewe, "Gaslight" (taa ya gesi), ya mwaka 1944 iliyoongozwa na George Cukor. (Kabla yake kulikuwa na tamthilia ya jukwaani ya mwaka 1938 na filamu ya Waingereza ya mwaka 1940.) Ingrid Bergman alipata Oscar kwa kuigiza mke.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume anatafuta vito vya shangazi yake mke, shangazi aliyeuawa kwenye nyumba hiyohiyo. Usiku anajifanya ametoka, kumbe anapanda darini kwa njia ya siri na kuwasha taa za gesi huko juu. Gesi ikigawanyika, taa ya chumbani kwa mke inafifia. Mke anaona, anasikia na nyayo juu ya kichwa chake, lakini anaaminishwa kwamba ni mawazo yake tu. Mume anaficha vitu, kisha anamlaumu kwamba amevipoteza. Mpaka mke anaanza kuamini kwamba akili zinamruka.

Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba "gaslighting" ni kudanganya. Muongo wa kawaida anataka uamini uongo wake. Huyu anataka usiamini macho yako mwenyewe. Kiswahili chetu kinahitaji sentensi nzima kulieleza, na sioni aibu kusema hivyo.

Ila utamu ulikuja kwenye mjadala. Muuguzi wetu ni mtu wa hoja, na alitaka kusema kwamba yule mfanyakazi wa ndani (ndiyo filamu ya kwanza kabisa ya Angela Lansbury, alikuwa bado binti mdogo) hakumsaidia bosi wake wa kike. Akakwama. Alitaka kumalizia kwamba ndiyo maana "mke alimshtukia mumewe kwa kuchelewa". Akaanza: "She... she was shocked..." Akasimama. Alijua si hilo, kwa sababu "shocked" ni kushtuka, na kumshtukia mtu ni jambo jingine. Tukatafuta wote, mmoja akakumbuka mpelelezi kwenye filamu nyingine aliyoiangalia, akasema, "She was onto him." Muuguzi akairudia taratibu, "She was onto him too late," akapiga meza. Nilimwona usoni kwamba neno limeingia. Hata leo ukimwamsha usiku atakwambia.

Jioni hiyohiyo tukapata mengine kwa sababu tulikuwa tunayahitaji ili tubishane. "He took her in", yaani alimwingiza mkenge. Na ujue kwamba "take someone in" ni pia kumpokea mtu nyumbani kwako, kwa hiyo sentensi inayozunguka ndiyo inakwambia ni ipi. "He almost got away with it", karibu aponyoke bila kuadhibiwa. "He pulled the wool over her eyes", na hapo fundi wa friji akacheka kwa furaha, akasema, "Si changa la macho hilo!" Ndilo hasa. Wao wanakufunika macho kwa sufu ya kondoo, sisi tunakupiga mchanga, na wote wawili mnaishia hamuoni.

Huo ndio moyo wa uzi huu. Msemo unakaa kichwani siku unapoukosa katikati ya sentensi yako mwenyewe, ukautafuta kwa hamu, ukaupata. Ukiangalia tu, hujawahi kuukosa. Unapita kwenye sabtaito, unaitikia kichwa, unasema nimeelewa, kesho yake haupo.

Binti Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Uzi mtamu. Swali langu: hayo mafumbo yenye picha inayofanana na yetu wayapata wapi? Hilo la changa la macho limenifurahisha sana.

Mleta uzi

Dada Binti Mvita, yapo mengi, na kuyakusanya ni raha. Chukua "spill the beans". Mwenzako ametoboa siri, Mwingereza anasema amemwaga maharage. Sisi tunasema usimwage mchele kwenye kuku wengi. Maharage kule, mchele huku, siri ileile. Lakini angalia tofauti: wetu ni onyo, unamwambia mtu kabla hajafanya, na una habari ya wale kuku, yaani wasikilizaji. Wao hawajali nani anasikia, kumwaga kwenyewe ndiyo habari. Ukijua hilo hutachanganya matumizi.

Mwingine ni "beat around the bush". Mtaani tunasema kuzunguka mbuyu. Hapa pana mtego mzuri kwa wanafunzi, kwa sababu vitabu vya nahau shuleni vinasema kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Maana zote mbili zinaishi. Kwa hiyo usifikiri misemo yao ndiyo peke yake yenye kugeuka.

Na dawa ya kuzunguka mbuyu wao wanaiita "cut to the chase". Msemo huu umezaliwa kwenye filamu zenyewe. Enzi za filamu zisizo na sauti, nyingi zilikuwa zinapanda mpaka kwenye sehemu ya kufukuzana, na watu waliingia ukumbini kwa ajili ya hiyo. "Cut" ni kukata mkanda na kurukia kipande kingine. Basi ukimwambia mtu "cut to the chase", unamwambia ruka maelezo, nipeleke kwenye kufukuzana. Lakini hadhi! Kwa rafiki, sawa. Kwa bosi wako anayeongea, usithubutu.

Filamu imezaa maneno mengi ya hivyo. "Paparazzi" limetokana na Paparazzo, mpiga picha kwenye filamu ya Federico Fellini ya mwaka 1960. "Bucket list", orodha ya mambo unayotaka kufanya kabla ya kufa, lilienea baada ya filamu ya mwaka 2007 ya Jack Nicholson na Morgan Freeman. Na unaona ndoo imerudi: ni ileile ya "kick the bucket". Ajabu ni kwamba "bucket list" halina ukali, watu wanalitaja hata kazini kwa tabasamu. Ndoo moja, hadhi mbili. Ndiyo maana nasema lijadilini neno.

Mwalimu_wa_zamu

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini niseme kama mwalimu. Watoto wanatoka shule ya msingi walikosoma kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, na hawawezi kujenga sentensi. Ukiwapa misemo kabla ya sarufi unapaka rangi nyumba isiyo na ukuta. Nimesahihisha insha yenye misemo sita na hakuna kitenzi hata kimoja kilichokaa sawa.

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kuja. Nakubaliana nawe kuhusu insha hizo. Misemo aliyoimeza mtu bila sentensi ni mzigo.

Lakini naomba uone jambo moja. Kusimulia filamu ni somo bora la vitenzi kuliko zoezi lolote nililowahi kupewa. Sisi kwenye simulizi tuna -ka- yetu: akaingia, akamkuta, akakimbia. Wanafunzi wengi wanaipeleka kwa Kiingereza wakisema "he entered, he found, he ran", na si kosa. Ila Waingereza wanapojadili filamu husimulia kwa wakati uliopo: "he comes in, he finds her, he runs." Kwao tukio la filamu linatokea upya kila ukiiangalia. Na ukitaka kurudi nyuma ya tukio, unalazimika kutumia ile ngumu: "he has already hidden the picture", keshaificha. Vijana wangu wawili walikuwa wanasoma "has" na "had" kama majina ya watu. Sasa wanazitumia kwa sababu bila hizo hawawezi kueleza nani alijua nini kabla ya nani. Ukuta na rangi vinapanda pamoja.

Na kuna kosa ambalo mjadala huliua haraka sana: "I was boring." Mtu anataka kusema filamu ilimchosha. Wenzake wanamuuliza, "You were boring, or the film was boring?" Filamu ni "boring", wewe ni "bored". Filamu ni "interesting", wewe ni "interested". Ukirekebishwa na rafiki katikati ya ubishi, hulirudii.

kijana_wa_Mbagala

Mkuu mimi nilijua Kiingereza cha muvi niko vizuri mpaka nilipokaa na Mkenya mmoja na Mzungu. Nikasema "the starring killed the enemy". Mkenya kaelewa, Mzungu kabaki ananitazama. Shida ilikuwa wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, umeniletea jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye somo hili. Tuna Kiswahili chetu cha filamu kilichotengenezwa kwa maneno ya Kiingereza, na tukikirudisha kwao hawakitambui.

Stelingi ni wetu. Lilikuja kutoka kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu, "starring fulani", yaani akiigiza fulani. Sisi tukaligeuza mtu: stelingi hafi. Ni neno zuri na sitaki mtu aliache tukiongea Kiswahili. Kwa Kiingereza sema "the hero", au "the lead" ukimzungumzia mwigizaji. Na adui wa stelingi ni "the villain" au "the bad guy". "Enemy" ni adui wa mtu fulani, lazima awe wa fulani.

Sizoni pia. Sisi tunasema naangalia sizoni, tukimaanisha hadithi nzima ya vipindi. Kwao nzima ni "series", na "season" ni awamu moja ndani yake. Ukisema "I like this season", watakuuliza ya ngapi.

Wazee wetu wanasema mkanda, wengine picha. Picha la Kihindi, picha la mapigano. Ukimwambia mgeni "yesterday I watched a picture", atauliza ilikuwa imetundikwa wapi.

Na kitenzi: kuangalia kwetu kunabeba "look at", "watch" na mara nyingine "see". Filamu ni "watch". Ukienda ukumbini wanapenda kusema "see". "Look at" ni kutupia macho kitu, hutumii kwa filamu nzima.

Filamu iliyobuma ni "a flop". Mwigizaji mdogo aliyefunika wote, "she stole the show", au "stole the scene" kama ni kipande kimoja. Kipindi kilichoishia patamu ni "a cliffhanger", mtu ananing'inia kwenye genge na wewe unaambiwa urudi wiki ijayo. Kwa kweli patamu nalipenda kuliko lao.

Binti Mvita

Stelingi twamjua hata huku, na hafi kabisa! Sasa nielezee, kwa asiye na kundi afanyeje? Mimi ni mama wa nyumbani, mume yuko safarini, watoto wadogo.

Mleta uzi

Dada, unaweza. Nitakupa zoezi tunalolipenda kuliko mengine, na halihitaji watu wengi wala bando kubwa.

Unawakumbuka madijei wa filamu zilizotafsiriwa? Huku Tanzania jina la Lufufu lilikuwa linajaza mabanda ya video. Watu wengi wanasema filamu hizo zilituharibia Kiingereza kwa sababu hatukuwa tunasikia sauti ya chini. Mimi nawaona ni walimu ambao hatukuwasikiliza vizuri. Dijei hatafsiri neno kwa neno. Anasikia mtu kwenye skrini anatukana kwa ustaarabu wa London, anakupa tusi la ustaarabu wa Kariakoo. Anapima hadhi. Kazi niliyoshindwa kule kambini ndiyo kazi yake ya kila siku.

Basi fanya udijei. Chagua kipande cha dakika tatu chenye maongezi, si cha risasi. Kiangalie mara ya kwanza bila sabtaito. Mara ya pili na sabtaito za Kiingereza. Mara ya tatu zima sauti, shika kijiko kama maiki, uwatafsirie watoto kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu hasa. Hapo utagundua msemo usioujua, kwa sababu utakwama mbele ya wasikilizaji. Uandike. Ukimaliza, mpigie mumeo au shoga yako umsimulie kipande hicho kwa Kiingereza, na msemo ule uwemo. Msemo mmoja tu kwa siku.

Kwenye daftari usiandike maana peke yake. Mimi sasa nina safu tatu: msemo, Kiswahili chenye hadhi ileile, na mtu ambaye naweza kumwambia. Mbele ya "kick the bucket" nimeandika "kukata kamba", kisha "rafiki wa kijiweni, kamwe si mfiwa".

Mawili ya haraka. Filamu za magenge zina matusi mengi, na tusi la lugha ya kigeni halikuchomi mdomo kama la kwenu, kwa hiyo unaweza kulisema bila kujua ulichokisema. Na "gonna" na "wanna" ni za mdomoni, zisiingie kwenye barua ya maombi ya kazi.

Mwalimu_wa_zamu

Hilo la kijiko nitalijaribu na kidato cha pili. Nina swali: ukimwagiza mtoto atafute msemo wa Kiswahili wenye hadhi ileile, akikosa?

Mleta uzi

Akikosa aeleze, mwalimu, kama tulivyoeleza "gaslighting". Mingine haina mwenzake. Filamu ya mwaka 1993 ya Bill Murray imewapa "Groundhog Day", siku inayojirudia vilevile kila ukiamka. Jina ni la sikukuu ya Wamarekani ya tarehe 2 Februari, yenye jina la mnyama aitwaye groundhog, na sisi hatuna mnyama huyo wala sikukuu hiyo. Tulijaribu Jumamosi mbili. Fundi wa friji akasema "yaleyale". Muuguzi akakataa, akasema yaleyale ni malalamiko, ila huyu amefungiwa ndani ya siku. Bado hatujakubaliana. Kidato cha pili wakipata, niletee hapa.

Binti Mvita

Nimekamilisha dakika tatu. Mwanangu wa miaka sita aniuliza, "Mama, huyo baba mbona asema amwaga maharage na sahani haina kitu?" Nimemwambia ni mchele penye kuku. Amecheka, kisha akaniuliza kuku ni nani.

Mleta uzi

Mjibu kwa Kiingereza, dada.